Kikosi cha Njegere

Long Eaton
2 Juni 1996

Bi Gadsby,

Pole tena kwa msiba. Nakuandikia mimi kama mwenyekiti wa klabu ya Ijumaa, ambayo marehemu kaka yako Lionel alikuwa mwanachama wake.

Vijimeli vyake vya anga, vile alivyokuwa akichezea vita vya mezani, vilibaki ndani ya kabati la klabu. Nimevihamishia nyumbani kwangu. Nakusudia kuifuta ile rangi ya kijani na kuvipaka nyekundu kabla ya maonyesho ya mji wa Derby mwezi wa tisa. Nitaviweka kwenye meza ya mashindano ya kupaka rangi.

Nina swali moja la kiufundi. Juu ya rangi aliweka vanishi? Kama aliweka, itabidi niviloweke kwenye dawa muda mrefu zaidi. Wewe ulikuwa ukikaa naye mezani, bila shaka unajua.

Tafadhali usilichukulie jambo hili vibaya. Nina sababu zangu.

Barrie Wragg


Ilkeston
5 Juni 1996

Mdogo wangu Avis,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na huo ndio Ukristo wote utakaoupata kwenye barua hii, kwa hiyo jiweke sawa kitini.

Unamkumbuka Wragg? Yule mwalimu wa udereva, mwenyekiti wa klabu ya Lionel, aliyesimama makaburini na kofia mkononi kama mtu anayengojea taa za barabarani zibadilike. Ameniandikia. Nakuwekea barua yake humu uisome kwa macho yako, maana nikikusimulia mimi utasema nimetia chumvi. Anataka kumfuta Lionel.

Nasema kumfuta na ndicho ninachomaanisha. Wewe uliolewa ukaenda zako Mablethorpe, hukuyaona haya kwa karibu. Kaka yetu hakuacha mke wala mtoto. Alikuwa na kiwanda, na kanisa, na mimi, na zile meli zake. Alizinunua kuukuu, zimeshapakwa na wenyewe wa kwanza, akazipaka upya moja moja kwenye meza yangu ya jikoni, lenzi imefungwa kichwani, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Nyingine hazizidi urefu wa kidole gumba, na zina madirisha. Alikuwa akizuia pumzi akifika kwenye madirisha. Na mimi nikawa naizuia pamoja naye, sijui kwa nini, sikuwa nashika chochote zaidi ya sufuria.

Na macho yake unayajua. Tangu utoto, nyekundu na kijani kwake vilikuwa tope moja, ndiyo maana watu wa reli walimkataa asiendeshe treni. Sasa rangi alizinunua kwenye makopo makubwa, mimi nikazimimina kwenye vikopo vidogo vya bati na kuandika jina la kila rangi kwenye plasta juu ya kifuniko. Yeye alikuwa mkono, mimi nilikuwa macho. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu.

Akazipaka kijani. Nilifikiri moyoni, mbona kijani kikali hivi, lakini sikusema neno, mtu ana haki ya rangi yake. Klabuni wakamcheka. Wakaziita Kikosi cha Njegere, kwa zile njegere za kuponda tunazokula sokoni na mchuzi wa mnanaa, na aliyetoa jina hilo ni nani kama si Wragg? Lionel alirudi nyumbani usiku ule akaniambia, "Thelma, tumekuwa chakula." Akacheka mpaka akakohoa. Lakini hakubadilisha rangi, Avis. Hata meli moja. Alisimama na kijani chake mbele yao mpaka alipolazwa, na mimi nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa jambo lolote alilowahi kufanya.

Aliposema meli zibaki klabuni niliridhia. Sikujua kwamba klabu ni nyumba ya Wragg. Sasa hata nyasi hazijaota juu ya kaburi, mtu huyu anataka kuutia mkono wa kaka yetu kwenye ndoo, ausugue kwa mswaki, aumwage kwenye mtaro. Halafu apeleke Derby apate kikombe. Na mimi ndiye ananiuliza nimwelekeze namna ya kuufuta vizuri.

Mchungaji Oldershaw alihubiri Jumapili juu ya kumwachia Mungu kisasi. Nilimsikiliza kwa makini. Lakini Mungu ana mengi, na maonyesho ya Derby ni mwezi wa tisa.

Dada yako,
Thelma


Mablethorpe
9 Juni 1996

Dada,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa kama ulivyoagiza. Wageni walingoja mayai yao, yakaungua, nimewaambia ndivyo tunavyoyapika pwani.

Huyo Wragg ni mpumbavu, sawa. Anaandika kama mtu anayejaza fomu ya ajali. Lakini hebu niambie, umemwomba akurudishie? Kwa maneno, mdomo kwa mdomo, "Bwana Wragg, zilikuwa za kaka yangu, naomba"? Nakujua, hujamwomba. Wewe ukikosewa huwa hudai, unaanza kuoka keki.

Na kuna kitu kinanisumbua. Mtu mwenye nia mbaya haandiki kuuliza. Angezilowesha tu. Na hayo maneno yake, "nina sababu zangu", ni sababu gani hizo? Muulize.

Kama hutamuuliza, basi mtilie kokoto kwenye bomba la moshi la gari lake la kufundishia, yaishe. Ila usitabasamu naye. Mara ya mwisho ulipotabasamu na mtu ilikuwa na yule aliyemtukana mama kwenye foleni ya mkate, na mpaka leo hapiti mtaa wetu.

Nakupenda. Kula vizuri.

Avis


Ilkeston
12 Juni 1996

Bwana Wragg,

Asante kwa barua yako. Nilipoipokea sikuelewa, lakini nimeomba na kutafakari, na sasa naona njia.

Kuhusu swali lako: ndiyo, aliweka vanishi, tena matabaka. Usiziloweke bado. Tarehe 22 kanisa letu lina soko la hisani, na ningependa watu waliomfahamu Lionel waione kazi yake kwa mara ya mwisho ikiwa hivyo ilivyo. Wengi wao hawajui hata ni kitu gani alichokuwa akifanya jioni zake.

Nikawaza pia kwamba wasione njegere peke yake wakadhani ndio mchezo mzima. Ungekubali kutuazima na kikosi chako cha bluu, kile kilichoshinda Derby mwaka jana? Vikae bega kwa bega, watu waone bingwa hufanyaje. Lionel alikisifu sana. Alisema ukikitazama kwa lenzi madirisha yake yanawaka taa.

Nitavitunza mimi mwenyewe.

Kwa heshima,
Thelma Gadsby


Long Eaton
16 Juni 1996

Bi Gadsby,

Nimeguswa, na nakiri sikutarajia. Nitaleta masanduku yote mawili Ijumaa saa kumi na moja.

Maelekezo. Kila meli inashikwa kwa kigingi chake cha chini, kamwe si kwa mabawa. Zisikae juani. Vumbi hupulizwa, halifutwi. Kikosi cha bluu kimenichukua miaka mitano, na madirisha yale nimeyapaka kwa brashi niliyoipunguza mpaka ikabaki na nywele tatu. Lionel alikuwa sahihi, yanataka lenzi.

Meli zake naomba uziweke upande wa ndani wa meza, mbali kidogo na mlango, wapita njia wasije wakazisemasema.

Barrie Wragg


Ilkeston
27 Juni 1996

Avis,

Imekwisha. Nakuandikia mikono yangu bado inanuka hospitali.

Soko lilikwenda vizuri. Wragg alileta masanduku mwenyewe, akanipangia meza, akanionyesha kigingi mara tatu kama vile nimekuja kujifunza kurudi kinyumenyume. Nilimtabasamia. Ndiyo, najua. Watu wakapita, wakasema zile za bluu ni nzuri ajabu, nami nikasema kweli, kwa sababu ni kweli na mimi sisemi uongo. Mzee Hallam wa kiwandani peke yake ndiye aliyesimama mbele ya zile za kijani. Akasema, "Huyu ni Lionel kabisa." Nikaenda nyuma ya pazia la vyombo nikakaa kidogo.

Wragg alikuwa amesema atakuja kuzichukua Jumatano. Jumatatu ikaja, na unajua Jumatatu nyumbani kwa mama ilikuwa siku gani. Nikafua. Nilianza na mashuka, nikaja kwenye taulo, kisha nikamimina Detoli kwenye beseni lile la samawati, chupa baada ya chupa, nzito bila maji, nikakizamisha kikosi cha Wragg chote na vigingi vyake.

Hiyo ndiyo dawa wanayotumia wapaka meli wote kuondolea rangi. Lionel alinifundisha, na alinifundisha pia sharti lake. Ukizitoa humo, unazisugua na kuzisuuza kwa Detoli ileile. Usithubutu kuzipeleka kwenye maji, kwa sababu rangi iliyolainika ikikutana na maji hugeuka ulimbo. Inanata kama gundi ya kunasia ndege, na inaingia kila ufa. Aliniambia kila mgeni wa mchezo huu hukosea mara moja hapo, na hakosei tena.

Mimi si mgeni. Nilizilaza mpaka Jumanne, nikazichukua moja moja kwa kigingi kama nilivyoelekezwa, nikazipeleka bombani. Nikafungulia yote.

Avis, nilitazama. Bluu ile ikawa kijivu, kijivu kikavutika nyuzi nyuzi, na madirisha ya nywele tatu yakatelezea kwenye sinki kama kamasi. Niliimba wimbo wa pili wa Jumapili huku nikifanya hivyo, na nilifika mpaka ubeti wa mwisho. Sijui umfanye nini mwanamke wa namna hiyo. Nilitarajia nitaona aibu ikifika jioni. Jioni ilifika nikala mayai mawili.

Nimezifunga zinavyonata, nikaziweka ndani ya sanduku lake, nikapanda basi nikamwachia mlangoni pamoja na kadi: "Nimekufutia zako. Za Lionel zinabaki." Za Lionel zipo hapa mbele yangu, juu ya kitambaa cheupe, za kijani vilevile. Hatazigusa mtu.

Usinihubirie. Mchungaji ninaye.

Thelma


Long Eaton
4 Julai 1996

Bi Gadsby,

Sanduku nimelipata. Harufu yake ilimfanya mke wangu aulize ni nani kajikata.

Nimewaza polisi. Nimewaza mwanasheria. Sitamwita yeyote, kwa sababu ninacho kitu kinachouma kuliko wote hao. Niliapa nitakifukia. Sasa naona umenifungulia kiapo.

Kijani haikuwa rangi ya Lionel.

Alitaka nyekundu. Alituambia majira yote yale ya baridi kwamba anapaka nyekundu. Ijumaa alipozileta alifungua sanduku akasema, "Haya mabwana, tazameni nyekundu yangu." Tulidhani anatania. Mimi ndiye niliyesema, "Lionel, hizo ni njegere." Wakaangua kicheko. Nikamwona usoni nikajua hakuwa anatania, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na yeye alikuwa ameshaanza kucheka kwa sauti kuliko sisi wote.

Nilimrudisha nyumbani kwa gari. Njiani akasema, "Aliosha vifuniko." Nikamuuliza nani. Akasema, "Thelma. Ikikaribia Pasaka huosha kila kisichoweza kukimbia."

Rangi ya mafuta ikitulia, rangi yenyewe huzama chini na mafuta hukaa juu. Kabla hujaikoroga, vikopo vyote hufanana, hudhurungi tupu. Ulivua vifuniko ukaviosha, ukafunika ulivyoona. Yeye akakoroga, akaona tope lilelile analoliona siku zote, akasoma mwandiko wako, akauamini.

Nikamwambia azipake upya. Akasema hawezi bila wewe kujua, na ukijua hutajisamehe. Kwa hiyo akaenda nazo hivyo hivyo kila Ijumaa, tukamcheka kila Ijumaa, ili wewe usijue.

Hospitalini aliniita nikae karibu. Akasema, "Nikiondoka, Barrie, zipake nyekundu. Kila mtu anaisifu nyekundu. Nataka niwe na kitu changu chekundu, hata kama sitakiona. Thelma akiuliza, mwambie wewe ndiye uliyeonea haya kijani. Akuchukie wewe. Wewe unaweza kubeba. Yeye lile lingine hawezi."

Nilikubali kuchukiwa. Nilikuwa nimeanza hata kuzoea. Sikukubali miaka yangu mitano ipitishwe bombani.

Basi neno hili lichukue, ni lako. Mimi nilitoa jina la njegere. Njegere zenyewe ulizipika wewe.

Barrie Wragg


Ilkeston
21 Julai 1996

Bwana Wragg,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nahakikisha.

Nilivishusha vikopo kutoka stoo nikavikoroga kimoja kimoja kwa kijiti. Kifuniko kilichoandikwa NYEKUNDU kilikuwa juu ya kijani, na kikopo kimebaki chini kabisa, kimekombwa. Kilichoandikwa KIJANI kilikuwa juu ya nyekundu, na nyekundu imejaa mpaka ukingoni, haijaguswa. Mwandiko ni wangu. Nilikaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi.

Kwa hiyo umenipata. Ulitafuta palipo laini, ukapaona, ukapiga hapo hapo. Nimekosa kanisa Jumapili mbili. Wameniletea supu wakidhani ni mafua, nami nimeinywa, nikawaacha wadhani hivyo. Avis amekuja kukaa nami. Amesoma barua yako akasema ni ukatili, kisha akasema na ile niliyomwandikia yeye juu ya meli zako ilikuwa ukatili, kisha akaenda kufua mapazia.

Lakini nina neno na wewe. Kaka yangu alikosea juu yetu sote wawili. Alidhani wewe unaweza kubeba, na wewe ulipoumia mara moja tu ukautua mzigo mlangoni kwangu. Alidhani mimi siwezi. Ninao hapa. Ni mzito kuliko alivyosema, na bado asubuhi naamka nawasha jiko.

Sasa nisikilize.

Ule ulimbo kwenye meli zako unatoka. Zirudishe kwenye Detoli, zisuuze kwa Detoli, maji yaje mwisho kabisa. Najua hukuhitaji kuambiwa, lakini mimi nilihitaji kukuambia. Rangi yako hairudi. Hilo nililifanya kwa kusudi na sikuombi radhi leo. Jaribu kuniuliza Krismasi.

Meli za Lionel zitakuwa nyekundu, kama alivyotaka. Lakini hazitaloweshwa. Utapaka juu ya kijani chake, kila alipopitisha mkono pabaki chini pale pale. Najua utakachosema. Rangi juu ya rangi, na vanishi katikati, itakuwa nene, kingo zitavimba, madirisha yataziba, mtoto wa shule angefanya vizuri zaidi, na waamuzi wa Derby watacheka. Wacheke. Uliniandikia mwezi wa sita kwamba utaziweka kwenye meza ya mashindano. Utaziweka. Mbele yake patakuwa na kibao chenye jina lako, na mtu akiuliza nani aliyefanya kazi hii mbovu, utajibu ni wewe, mbele ya wale wote waliokupigia makofi mwaka jana. Ulimwahidi kaka yangu kwamba utabeba aibu isiyo yako. Hujamaliza kuibeba.

Mimi nitakuwepo Derby, nimesimama karibu, nasikiliza.

Njoo Jumamosi saa nane mchana, na brashi zako. Nyekundu ninayo, ni ya kwake. Pita mlango wa nyuma, utaukuta wazi. Nitakaa upande wa pili wa meza nikutazame mpaka ya mwisho ikauke.

Chai sitakupa.

Thelma Gadsby